Maji yamechemka, feni imelala: acheni kuisingizia sensa

Jumanne kaja dereva wa guta, pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, kijiweni kwangu ameshika kimfuko cha nailoni. Ndani mna swichi mpya ya feni, kile kidude kinachohisi joto la maji ya injini na kuwasha feni, wenyewe wanakiita sensa. Ni ya tatu kununua tangu mwezi uanze. "Fundi, nifungie hii, ya juzi nayo imekufa." Nikamuuliza kajuaje kama imekufa. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kajuaje kumekucha. "Maji yanachemka mpaka yanamwagika, feni haizunguki. Sasa itakuwa nini kama si sensa?"

Hiyo "itakuwa nini kama si sensa" nimeisikia kwa madereva, nimeisikia kwa mafundi wenzangu, na mwenye duka la spea ndiyo kabisa, kwake ni wimbo wa biashara. Leo naiandika ikae hapa, kesho mtu akiniuliza namtumia linki naendelea na spana zangu.

Kama unaendesha boda ya kawaida, injini ya upepo yenye mapezi kwenye silinda, pita. Huna rejeta ya kupozea maji, huna feni. Ikikuchemshia angalia oili, na angalia ulichopakia. Hapa nazungumzia injini za maji: haya maguta ya hapa Dodoma yanayopandisha simenti Ihumwa na Mtumba, na pikipiki kubwa za wasafiri wanaokatiza mjini wakitoka Iringa kwenda Kondoa.

Tuanze na maji yenyewe. Shuleni tuliimbishwa kwamba maji huchemka kwenye digrii 100. Sawa, kama shule yako iko Dar es Salaam ufukweni. Dodoma mjini tuko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku inayakandamiza maji kwa uzito mdogo zaidi, ndiyo maana yanachemka mapema, kwenye digrii 96 hivi. Mita yangu ya kupimia umeme ina ule waya wa kupimia joto, nimeutumbukiza kwenye sufuria ya chai zaidi ya mara moja, ni hapo hapo kwenye 96. Ndugu zetu wa Mbeya mjini, walio juu zaidi yetu, wao hata 95 haifiki.

Sasa chukua ile swichi ya kwenye kimfuko. Ubavuni imegongwa namba 98. Maana yake inashika ikifika digrii 98, hapo ndipo feni inaanza. Umeona mtego ulipo? Maji ya wazi ya Dodoma hayafiki 98 hata ukiyawekea kuni za mkoa mzima. Yanachemka kwenye 96, yanageuka mvuke, yanakimbia.

Basi mbona guta zima zima linafanya kazi? Kwa sababu ya mfuniko wa rejeta. Mfuniko una springi na raba, unayafungia maji yajengeke presha. Mfuniko ulioandikwa 1.1, yaani presha ya bar 1.1, ukiwa mzima, unayafanya maji yapite digrii 115 bila kuchemka, hata huku kwetu. Maji yanapanda, yanafika 98 yakiwa bado maji, swichi inashika, feni inazunguka, maisha yanaendelea. Raba ya mfuniko ikikatika, presha haijengeki. Rejeta inakuwa sufuria isiyo na kifuniko. Maji yanachemka kwenye 96, yanatapikia kwenye kile kidumu cha akiba, na swichi bado inasubiri 98 yake kwa adabu zote. Feni haijawaka kwa sababu haijaamrishwa. Swichi ni nzima. Ukifunga mpya, nayo itasubiri vile vile. Ukifunga ya tatu, umemsomeshea muuza spea mtoto.

Kuna jambo la pili linaungana na hilo. Maji yakishapungua, juu ya rejeta panabaki hewa na mvuke, na kama swichi iko sehemu hiyo, haiguswi na maji. Mvuke na hewa havipitishi joto kwa chuma kama maji yanavyopitisha. Nimeshuhudia silinda hedi haishikiki na swichi iko vuguvugu. Ndiyo maana ukijaza maji lazima utoe hewa: fungua ile skrubu ndogo kama ipo, inua tairi la mbele, washa injini mfuniko ukiwa wazi ingali ya baridi, minyaminya mpira wa juu mpaka mapovu yakatike. Dakika kumi. Watu hawana hizo dakika kumi, lakini wana siku nzima ya kurudi kulalamika.

Na sasa nikiri. Mimi ufundi nimejifunzia Dar es Salaam, na bosi wangu alinifundisha kupima swichi ya feni kwa kuichemsha kwenye sufuria ya maji: mita kwenye waya zake, ikilia ni nzima, isipolia tupa. Kule njia ilikuwa inakubali, maji yanafika 100, swichi ya 98 inashika. Nikahamia Dodoma na sufuria yangu. Miaka miwili mizima nilikuwa natupa swichi nzima za watu na kuwauzia mpya, tena kwa kujiamini. Nilikuja kushtuka siku nilipochemsha mpya tatu mfululizo kutoka boksi moja na zote zikakataa. Wateja wale siwezi kuwarudishia, sura nimeshazisahau.

Siku hizi nachemshia kwenye mafuta ya kula. Mafuta yanapita 100 bila wasiwasi. Ning'inize swichi isiguse kitako cha sufuria, waya wa joto uwe jirani yake, moto mdogo, na usiruhusu tone la maji liingie humo maana yatakurukia usoni. Utaona imeshika kwenye ngapi, na ukiyaacha yapoe utaona imeachia kwenye ngapi. Kuachia huwa chini kidogo ya kushika, huo si ubovu. Spea za bei ya chini nazo zina vituko: imegongwa namba moja, inashika kwenye nyingine. Nikipata inayoshika mapema, 90 na kidogo, kwa guta la hapa mjini naifurahia kuliko ile sahihi. Mtengenezaji asinisikie.

Kabla hujafika jikoni lakini, kuna maswali ya bure. Inachemsha wapi? Kama inachemsha kwenye foleni au ikisimama inanguruma, feni ni mtuhumiwa halali. Kama inachemsha ukiwa barabara ya Kibaigwa unakimbia 60, feni haihusiki. Kwa mwendo huo upepo wenyewe unatosha. Hapo tafuta rejeta iliyoziba matope, pampu ya maji, thamostati (kile kizibo kinachofungulia maji yakipata joto), au magamba ndani. Maji ya visima vya huku tunayajua, tazama birika la mama yako. Usijazie hayo rejeta. Weka kulanti, yale maji ya dawa ya kupozea injini, au walau maji ya mvua.

Swali la pili: feni yenyewe inafanya kazi? Ng'oa soketi ya swichi, gusisha waya zake mbili, au kama ni waya mmoja uguse bodi, ufunguo ukiwa umewashwa. Feni ikizunguka, basi fyuzi, rilei na mota ni vizima, tumemalizana. Isipozunguka, fuata umeme, na uanzie kwenye fyuzi, si kwenye pochi yako. Zile pikipiki za kompyuta usizifanyie hivyo. Kule sensa haikati wala haiungi, inabadilisha ukinzani kadiri joto linavyopanda, na nyingi ukizing'oa soketi zinawasha feni zenyewe kwa kujihami. Na kama geji ya joto inasoma vizuri, usidhani swichi ya feni imethibitishwa. Mara nyingi ni vitu viwili tofauti, vimekaa jirani. Kuna mtu kabadilisha ya geji mara mbili akitafuta feni.

Hizi swichi za waya mmoja zinapata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi, kupitia nyuzi zake za kufungia, kwa hiyo atakayeizungushia tepu nyeupe ya mabomba raundi nne nne amejikatia umeme mwenyewe.

Mnauliza pia kuhusu kupiga dairekti, yaani kuipa feni umeme bila kupitia swichi ya joto. Siyo dhambi. Nimempigia dereva aliyekuwa anarudi Mpwapwa na mzigo wa nyanya, nikamwekea swichi ya kidole kwenye usukani, na fyuzi. Ninachokataa ni kuiunga moja kwa moja izunguke tangu asubuhi, halafu tunashangaa betri haijai na mota imekwisha kwa vumbi la Agosti. Na ukiunga, weka kijikaratasi mbele ya feni uone upepo unaelekea wapi. Nyingi zinavuta hewa kutoka mbele kuipeleka kwenye injini. Ukigeuza waya inapuliza kwenda mbele, inapigana na upepo wa mwendo, na utarudi kwangu kuniambia hata dairekti haisaidii.

Kuna wakati na mimi nabaki naduwaa. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya silinda na hedi, ikiungua kidogo tu, gesi inaingia kwenye maji, inasukuma maji nje, na ukiangalia haraka inafanana kabisa na mfuniko mbovu. Nimewahi kubadilisha mfuniko mara mbili kwa guta moja kabla sijakubali kufungua hedi. Na kuna zile zinazopona ukichomoa soketi na kuirudisha. Mteja anasifu sensa mpya. Mimi sina hakika kama dawa ilikuwa sensa au ni vidole vyangu vilivyotikisa kutu.

Yule wa Jumanne nilimfungulia mfuniko injini ikiwa imepoa. Raba ilikuwa imechanika nusu duara, na springi imelegea. Nikatoa mfuniko kwenye guta bovu lililolala nyuma ya kibanda, nikajaza, nikatoa hewa, nikamwambia aache inangurume tu. Swichi iliyokuwemo ni ile ile "iliyokufa juzi". Akasimama anakodolea feni kama anasubiri mtoto azaliwe. Baada ya muda ikaanza kuvuma. Akaangalia kimfuko chake, akaniuliza kama dukani watakubali kuirudisha.