Usiisugue Rupia ya Babu

Kijana mmoja pale Makoroboi alinionyesha rupia ya Mjerumani ya mwaka 1890, inang'aa kama sufuria mpya. Ameisugua kwa majivu na ndimu ili ipande bei. Nilitamani kulia.

Hiyo ndiyo dhana inayoharibu sarafu nyingi zaidi hapa Mwanza: kwamba ikisafishwa hupata thamani. Sarafu inapogongwa mtamboni, madini husukumwa na muhuri na kuacha mistari midogo mno, ambayo ndiyo inayofanya mwanga uzunguke usoni pake unapoigeuza. Ukisugua unaifuta na kuweka mikwaruzo yako. Ule weusi ni salfa ya hewani iliyoshikana na madini ya fedha, na wakusanyaji wengi wanaupenda. Kampuni za kupima sarafu za Marekani, PCGS na NGC, hutumia kipimo cha ubora cha 1 hadi 70 kilichotokana na mfumo wa mkusanyaji wa sarafu William Sheldon wa mwaka 1949. Rupia iliyosuguliwa kwa kawaida hunyimwa namba na kuandikwa tu kwamba imesafishwa, hata kama kofia ya Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani, kwenye picha iliyo usoni pake, bado imesimama vizuri. Kama ina udongo, iloweke kwenye maji yaliyokenekwa, kisha uikaushe kwa kuigusiagusia kitambaa laini. Usifute.

"Ikikataa sumaku, ni fedha." Fedha haivutwi, kweli. Lakini hata shaba haivutwi. Shilingi ya simba ya Afrika Mashariki ina robo ya fedha ikiwa ya kati ya mwaka 1921 na 1946. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tupu, nayo hukataa sumaku vilevile. Sumaku humnasa mwongo wa chuma tu. Bora mizani ya sonara: rupia nzima ina gramu 11.66.

Na ile rupia inayosemwa "inavuta mchele" kwa miujiza? Anayekuambia hivyo anavuta mfuko wako.

"Sarafu mbaya mbaya ni feki." Hapa watu huteleza kwenye zile za Tabora za mwaka 1916. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimewafungia Wajerumani njia ya bahari, wakagonga hela (neno letu la kila siku lilitokana na hizo hizo) kwa mitambo ya karakana ya reli. Za halali nyingi zimepinda, chapa imefifia. Ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, ilitengenezwa kiasi cha 16,000 tu, ikiwa na gramu 7.17 hivi. Feki zake zipo tele, na nyingine ni nzuri kuliko yenyewe. Tazama ukingo kwa lenzi: feki ya kumiminwa kwenye kalibu mara nyingi huwa na mshono au alama za tupa, na vitundu vya hewa usoni.

Umri nao haununui kitu peke yake. Senti 10 ya tundu ya mwaka 1936 yenye jina la Edward VIII ni ya mfalme wa Uingereza aliyekaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja, ila ziligongwa nyingi, kwa hiyo ni rahisi. Tundu lilitobolewa kiwandani, si na fundi.

Kuhifadhi: shika ukingoni, maana jasho lina chumvi. Epuka mifuko laini ya plastiki ya PVC. Ikipata joto hutoa ute wa kijani unaokula sarafu. Unyevu wa ziwa huongeza balaa, basi weka kipakiti cha silika, kile kinachonyonya unyevu, kwenye boksi.

Yule kijana aliniuliza kama weusi utarudi. Utarudi, baada ya miaka. Mistari haitarudi.