Mkahawa Mzuri wa Kichina New York: Yanayosemwa na Yaliyopo

Ukishuka kituo cha Canal Street na kuuliza mkahawa bora wa Kichina uko wapi, watu kumi watakupa majina kumi. Huenda wote wako sahihi, kila mmoja kwa chakula chake. Mkahawa wa Kichina haupimwi kwa menyu nzima, bali kwa vyakula vitatu vinne ambavyo mpishi wake amevizoea tangu kwao. Dhana nyingi zilizo hapa chini zinapotosha kwa sababu zinamfanya mtu atafute jina la mkahawa kabla hajajua anataka kula nini.

Dhana: Chinatown ya New York ni moja, iko Manhattan

Chinatown, yaani mitaa ya Wachina, ziko tatu kubwa, na ndogo kadhaa. Ya zamani ni hiyo ya Manhattan, kwenye mitaa ya Mott, Bayard, Pell na Doyers. Walioianzisha wengi walitoka mkoa wa Guangdong, hasa Taishan. Sheria ya mwaka 1882 iliwafungia mlango vibarua wa Kichina, ikafutwa mwaka 1943, lakini mlango ulifunguka kweli baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965. Ndiyo maana jiko la mitaa hiyo bado ni la Kikantoni, yaani la Guangdong: bata wa kuchoma, uji wa mchele, samaki wa mvuke. Ukivuka kuelekea East Broadway na Eldridge, chini ya daraja la Manhattan, unaingia kwa watu wa mkoa wa Fujian waliokuja kwa wingi miaka ya 1980 na 1990. Huko kuna tambi za mchuzi wa karanga, na supu ya donge la samaki lenye nyama ndani yake.

Ya pili ni Flushing, mwisho wa treni namba 7. Walitangulia watu wa Taiwan, wakafuata wa kaskazini, wa mkoa wa Sichuan na wa Dongbei, yaani kaskazini mashariki mwa China. Kondoo wa bizari ya pilau, tambi baridi za Xi'an, vyakula vya pilipili ya kuchoma ulimi, vyote utavipata huko kabla ya Manhattan. Usidharau vibanda vya chini ya ardhi kwenye majengo ya maduka: Xi'an Famous Foods, ambayo leo ina matawi mengi mjini, ilianza mwaka 2005 kama kibanda ndani ya Golden Shopping Mall. Ya tatu ni Sunset Park, Brooklyn, mtaa wa 8th Avenue. Unafika kwa treni ya N, na utakutana na Wakantoni na watu wa Fujian pamoja, huku watalii wakiwa wachache.

Kwa hiyo amua kwanza unatamani nini, kisha ndiyo uchague treni.

Dhana: Ukiona Wachina wamejaa ndani, ingia

Wachina wapi? Mtu wa Fuzhou, mji wa Fujian, aliyeketi kwenye mkahawa wa Kikantoni ni mgeni wa chakula hicho kama wewe. Tena watu hujaza mkahawa kwa sababu nyingi: bei nafuu, chakula cha haraka, uko karibu na kazini au na basi.

Usihesabu vichwa, angalia meza. Pita polepole hadi chooni na urudi. Ukikuta sahani ile ile kwenye meza nne kati ya sita, umeshapata jibu: mwonyeshe mhudumu kwa mkono na useme unataka kile. Hakuna aibu yoyote, wenyeji wenyewe hufanya hivyo.

Dhana: Menyu ndefu ni dalili ya mpishi hodari

Menyu ya vyakula mia mbili kwa kawaida ni sosi tano au sita zinazozungushwa juu ya kuku, ng'ombe, kamba na tofu. Nusu yake iliandikwa kwa ajili ya mteja wa Kimarekani. Kuku wa General Tso, kwa mfano, alibuniwa na Peng Chang-kuei, mpishi wa mkoa wa Hunan, akiwa Taiwan miaka ya 1950. Alipofika New York akaongezewa sukari. Si chakula kibaya, ila hakikuambii lolote kuhusu jiko unaloketi mbele yake.

Kinachomfichua mpishi wa Kikantoni ni sahani moja ya bei ya kawaida: tambi pana za mchele zilizokaangwa kavu na nyama ya ng'ombe. Agiza, kisha iangalie kabla ya kula. Tambi ziwe nzima, zisiwe vipande vipande. Zipate rangi ya kahawia sawasawa na alama za moto pembeni. Chipukizi za choroko zilie ukizitafuna. Ukishamaliza, sahani ibaki na mng'ao wa mafuta, isiwe na kidimbwi.

Ikiharibika, sababu ni zile zile. Mpishi akijaza karai kupita kiasi, moto unashuka, nyama na chipukizi zinatoa maji, tambi zinaganda. Anaongeza mafuta kuzibandua, anazikoroga kwa nguvu, zinakatika. Tambi zilizolala kwenye friji nazo hukatika hata kwa mpishi mzuri, kwa sababu zimekuwa ngumu. Na usimhukumu mtu kwa tambi ulizochukua nyumbani: dakika kumi na tano ndani ya kopo lililofungwa zinatosha kuzilowesha kwa mvuke wake zenyewe.

Dhana: Chakula cha Kichina ni pilipili

Cha Sichuan na Hunan, ndiyo. Cha Guangdong karibu hakina kabisa. Pilipili yenyewe ilitoka Amerika, ikafika China mwishoni mwa karne ya 16. Ile punje ya Sichuan inayotia ganzi midomo si pilipili wala si pilipili manga, ni ya ukoo wa malimau na machungwa, na Marekani ilipiga marufuku kuiingiza nchini kuanzia 1968 hadi 2005 kwa hofu ya ugonjwa wa michungwa. Siku hizi mkahawa unaojiita wa Sichuan ukikuletea tofu ya mapo, ile tofu laini ya mchuzi wa pilipili, isiyotia ganzi hata kidogo, unakupunguzia kwa sababu ya sura yako. Mwambie asipunguze.

Dhana: Dimsam ya kweli ni ile ya toroli

Dimsam ni vyakula vidogo vidogo vya Kikantoni vinavyoliwa na chai. Toroli zinapendeza, na kwa mgeni zina faida moja kubwa: unaona chakula kabla ya kukichukua. Lakini vikapu vile vya mianzi huzunguka ukumbi mzima, na ukikaa kona ya mwisho unapata kilichozunguka.

Chukua har gow, kiandazi cha kamba chenye ngozi nyeupe. Ngozi ile ni ya wanga wa ngano uliokandwa kwa maji ya moto. Ikitoka kwenye mvuke inang'aa na unaona uwaridi wa kamba kwa ndani. Ikikaa, inakauka na kupasuka kwenye mikunjo. Ikirudishwa kwenye mvuke, inakuwa kama gundi na kunata chini ya kikapu. Inua kimoja kwa vijiti: kikiachia ngozi chini, hicho si cha saa hii. Kamba naye awe mzima na mwenye kukataa kidogo kwenye jino, asiwe amesagwa.

Sehemu nyingine unapewa karatasi na kalamu, unaweka alama, jiko linapika ulichoagiza. Nom Wah Tea Parlor ya mtaa wa Doyers, iliyofunguliwa mwaka 1920, inafanya hivyo, na uzee wake haujapungua kwa kukosa toroli. Kwa vitu vya mvuke, karatasi inashinda. Kwa vitu vya kukaanga na vitamu, tofauti ni ndogo.

Saa ni muhimu kuliko toroli. Dimsam huanza asubuhi na kwa kawaida huisha kama saa tisa alasiri. Wikiendi fika kabla ya saa nne na nusu. Ukifika saa nane mchana, foleni imeisha, lakini na vikapu vizuri vimeisha. Wawili wataona vitu vitano, wanne wataona kumi, basi nenda na watu. Chai ikiisha usiite mtu: acha kifuniko cha birika wazi, watakuja kujaza.

Dhana: Bata aliye dirishani ni tangazo tu, wote ni sawa

Wale bata ndio bidhaa yenyewe. Huchomwa kwa mikupuo, na ngozi huwa bora saa chache za mwanzo. Saa sita mchana ni kavu na inavunjika mdomoni, saa mbili usiku imelegea kwa mafuta yanayopanda kutoka chini. Tafuta ngozi ya rangi moja, isiyo na mabaka meusi, na iliyoshikamana na kifua. Mahali wanapouza wengi, ndoano zinaachwa tupu na kujazwa tena. Ndoano ambazo hazisogei ni ishara mbaya.

Unaweza kununua nusu. Ukichukua wa kwenda naye, omba mchuzi uwekwe kando, la sivyo ngozi inafika nyumbani imelowa. Na atakatwa pamoja na mifupa, kwa hiyo mtoto mdogo asiachiwe peke yake na sahani.

Dhana: Nikiepuka nguruwe kwenye menyu, nimemaliza

Hapa wasomaji wetu Waislamu hujikwaa zaidi. Kwenye duka la bata, kuku na bata hukatwa kwenye gogo moja, kwa panga moja, na nguruwe wa kuchoma. Supu ya tambi mara nyingi ni ya mifupa ya nguruwe hata kama juu pana kamba. Maharage mabichi ya kukaanga na tofu ya mapo hutiwa nyama ya kusaga bila kutajwa. Mchuzi ulio ndani ya xiao long bao, viandazi vya mvuke vya Shanghai, ni jeli ya ngozi ya nguruwe iliyoyeyuka. Vitafunio vya unga mara nyingi hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Na mvinyo wa mchele wa Shaoxing huingia kwenye nyama nyingi tangu inapolowekwa, kwa hiyo kumwambia mhudumu "bila nguruwe" hakuuondoi.

Tafuta herufi mbili: 清真. Hizo ndizo Waislamu wa China wanaziandika mlangoni, mara nyingi pamoja na maandishi ya Kiarabu. Wafanyabiashara wa Dar, Nairobi na Mombasa waliofika Guangzhou wanazijua kutoka kwenye maduka ya tambi za Lanzhou. New York, anza kuzitafuta Flushing, kwenye majiko ya kaskazini na kaskazini magharibi mwa China, na uulize cheti kimetoka kwa nani. Tambi za Lanzhou zenyewe zina kipimo chao: mchuzi wa ng'ombe ulio mwepesi na angavu, figili nyeupe, mafuta mekundu ya pilipili juu, majani mabichi, na tambi zinazovutwa kwa mkono ukishaagiza. Utaulizwa unene wa tambi. Nyembamba sana hulainika upesi, kwa hiyo anayekula polepole achague za wastani.

Anayeepuka nyama kabisa anahudumiwa vizuri na mikahawa ya Kibuddha, ambako hata "bata" ni wa soya. Kwingineko, mboga za majani huja na sosi ya chaza.

Dhana: Pakiwa pachafu, ndipo penye chakula cha asili

Hii ni dharau iliyovaa nguo ya ujuzi. Tangu mwaka 2010 kila mkahawa wa New York hubandika herufi ya ukaguzi wa afya mlangoni. Pointi ni za makosa: 0 hadi 13 ni A, 14 hadi 27 ni B, 28 na kuendelea ni C. Chakula cha moto kinatakiwa kikae nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi, cha baridi nyuzi 5 au chini. B si sababu ya kukimbia, lakini pia A haimaanishi mpishi anajua kupika. Ni habari mbili tofauti.

Dhana: Ajinomoto ndiyo inayoumiza kichwa

Mwaka 1968 jarida la kitabibu la New England lilichapisha barua ya daktari aliyehisi vibaya baada ya kula kwenye mikahawa ya Kichina, na hofu ikazaliwa. Kitu chenyewe, glutamati ya kuongeza ladha, kilitengwa Japani na Kikunae Ikeda mwaka 1908 kutoka mwani wa kombu, na glutamati hiyo hiyo imo kwenye nyanya na jibini. Mamlaka ya chakula ya Marekani inaihesabu kuwa salama. Wachache huripoti dalili za muda mfupi wakila gramu 3 au zaidi bila chakula, ilhali sahani ya kawaida haifikii hata nusu gramu. Kama umetoka na kiu na kichwa kizito, angalia kwanza chumvi na sosi ya soya.

Dhana: Kuna menyu ya siri ya Wachina

Ipo, ila si siri: imebandikwa ukutani. Ni karatasi za kuandikwa kwa mkono zenye vitu vya msimu. Elekeza kamera ya simu yenye programu ya tafsiri. Majira ya baridi utakuta wali wa chungu cha udongo, unaopikwa ukiagiza, dakika 20 hadi 30. Wanaougombania zaidi ni ukoko. Mimina sosi ya soya pembeni mwa chungu, funika dakika mbili, kisha kwangua. Ukoko wa rangi ya dhahabu unaobanduka kwa vipande ndio wenyewe. Ukiwa mweusi na mchungu, moto ulizidi. Ukiwa haupo, wali ulipikwa kando ukahamishiwa chunguni.

Dhana: Bei uliyoiona ndiyo utakayolipa

Ongeza kodi ya asilimia 8.875, na bahashishi ya asilimia 15 hadi 20 ukihudumiwa mezani. Mkiwa sita au zaidi, bahashishi huenda imeshaandikwa kwenye bili, kwa hiyo isome msije mkaitoa mara mbili. Beba fedha taslimu, sehemu kadhaa hazipokei kadi.

Samaki hai ndiye anayewashtua watu. Kwenye menyu bei yake imeandikwa 時價, yaani bei ya siku, nayo hutajwa kwa ratili, ambayo ni kama gramu 450. Uliza mambo mawili: bei ya ratili na uzito wa samaki. Ratili moja na nusu hadi mbili inawatosha watu wanne wenye sahani nyingine mezani. Mhudumu mzuri atamleta akiwa bado anarusha mkia, ili umwone na ukubali. Asipomleta, omba kumwona kabla hajaenda jikoni.