Si kila jani la majini ni gugu: dhana potofu kuhusu kuorodhesha mimea ya ardhi oevu

Gugu maji lilipovamia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, lilifunga mialo na kuharibu nyavu, na tangu hapo watu wengi wanaona kila kijani kinachoota majini ni cha kung'olewa. Sivyo. Gugu maji ni mgeni kutoka Amerika Kusini. Mafunjo, matete na yungiyungi la buluu ni wenyeji. Mafunjo huzuia tope na mbolea ya mashambani kabla hazijafika ziwani, na samaki wadogo hujificha humo. Anayeorodhesha mimea huandika yote, wenyeji na wageni, na ni kwa kiasi gani.

"Yale majani yanayokwaruza chini ya maji ni mwani mchafu tu." Dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi. Kara (Chara) na nitela (Nitella) kweli ni mwani, lakini wa maji baridi, na umbo lao ni la mmea mdogo: shina lina vifundo, na kila kifundo kimezungukwa na duara la vijitawi. Hazina maua wala mizizi ya kweli. Hujishikiza kwenye tope kwa nyuzi nyembamba. Kara nyingi hukwaruza vidole kwa sababu zimegandwa na chokaa, na ukizisugua hutoa harufu kali kama ya kitunguu saumu. Nitela kwa kawaida ni laini zaidi. Kundi hili lina undugu wa karibu na mimea yote ya nchi kavu, na linapenda maji maangavu. Maji yakijaa mbolea na tope mwanga haufiki chini, na kara huwa miongoni mwa vinavyotoweka mapema. Si mchafu hata kidogo.

Wengine hudhani kila kitu kimeshaandikwa vitabuni. Kazi kubwa ya Flora of Tropical East Africa, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika 2012, ina spishi zaidi ya 12,000, lakini ni za mimea ya maua, makangaga na jamaa zao. Kara haimo, maana ni mwani. Sampuli moja iliyokaushwa vizuri na kufikishwa kwenye hebaria (ghala la mimea iliyokaushwa) ya Nairobi au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina thamani kubwa.

"Bila boti na maabara huwezi." Unaweza kuanza na vichwa viwili vya reki vilivyofungwa mgongo kwa mgongo, kamba ya nailoni, sinia jeupe, lenzi ya mkononi, daftari na penseli, kwa sababu wino huchuruzika ukilowa. Rusha reki ukiwa ukingoni, iache izame, ivute polepole, kisha tandaza ulichopata kwenye sinia lenye maji kidogo. Kwenye kara tafuta vitufe vyenye rangi ya machungwa, ambavyo ni viungo vya kiume, na vile vya kike vyenye mistari iliyojizungusha. Picha ya simu peke yake mara nyingi haitoshi kutaja spishi. Usiingie majini ovyo: kuna kichocho, viboko na mamba. Kabla ya kwenda bwawa jingine safisha reki na viatu, maana kipande kidogo cha salvinia, gugu jingine geni linaloelea, kinatosha kuanzisha uvamizi mpya.

Bwawa likikauka je? Vijichembe vya kara vinavyofanya kazi kama mbegu, yaani oospora, hukaa hai kwenye tope kwa miaka mingi. Rudi mvua zikinyesha.

Dhana ya mwisho ni kwamba usichokiona hakiandikwi. Ziwa Naivasha linaonyesha vingine. Kamba wa maji baridi kutoka Louisiana waliingizwa humo mwaka 1970, na kufikia miaka ya 1980 yungiyungi na mimea inayoota chini ya maji ilikuwa imekaribia kutoweka kwenye ziwa kuu. Baadaye kamba hao walipopungua, mimea ya chini ilirejea. Hayo yalijulikana kwa sababu watafiti walirudi kuangalia na kuandika hata palipokuwa hapana kitu. Kwa hiyo andika tarehe, mahali, kina cha maji na mara ngapi umerusha reki, na pale iliporudi tupu andika sifuri.