Kichwa cha Treni ya Mfano Kinapotoroka: Maana na Chanzo Chake

Wapenzi wa treni za mfano husema kichwa kimetoroka pale kinapofyatuka na kukimbia bila aliyeshika rimoti kukiamuru. Wengi hukimbilia kuilaumu rimoti, na mara nyingi haina kosa.

Treni nyingi za rimoti huendeshwa kwa mfumo wa DCC (uendeshaji kwa amri za kidijitali), ambao viwango vyake vilipitishwa na NMRA, chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani, katika miaka ya 1990. Kwenye mfumo huo reli hubeba umeme kamili muda wote, hata kichwa kikiwa kimesimama. Amri husafiri ndani ya umeme huohuo, na dekoda iliyomo kwenye kichwa huzisoma kisha kuipimia mota umeme wake. Mfumo wa zamani, wa analogi, hauna amri: volti zikipanda kichwa kinaongeza kasi, zikishuka kinapunguza.

Dekoda nyingi hutoka kiwandani zikiwa na ruhusa ya kufanya kazi kwenye mifumo yote miwili, na kutoroka huanzia hapo. Ikitokea shoti, au umeme ukikatika na kurudi, dekoda inaweza kukosa amri inayoielewa huku volti zipo. Basi inachukulia kwamba iko kwenye reli ya analogi, na kwa kuwa volti ni za juu, mota inapewa kasi yote. Yaani kichwa hakijaasi, kinautii umeme kilioupata. Ndiyo maana hata kitufe cha dharura kinaweza kushindwa: kwenye rimoti nyingi hutuma amri tu, na dekoda iliyo katika hali hiyo huenda isiisikie. Kata umeme wa reli. (Kichwa chenye kapasita ya akiba kitaendelea sekunde chache hata hivyo, kwa hiyo uwe tayari kukidaka.)

Tiba ni kuiondoa ruhusa hiyo. Imo kwenye CV 29, mojawapo ya nafasi za kumbukumbu za dekoda, na thamani ya ruhusa hiyo ni 4. Namba utakayoikuta humo ni jumla ya mipangilio kadhaa: 1 hugeuza mbele kuwa nyuma, 2 ni ya hatua 28 au 128 za mwendo, 32 ni ya anwani ndefu (anwani ni namba ambayo rimoti hukiitia kichwa). Isome kwanza, kisha toa 4: 6 inakuwa 2, 38 inakuwa 34. Anayeandika 2 kwa kusikia tu, ilhali kichwa chake kinatumia anwani ndefu, atakikuta kimekuwa kiziwi na kudhani ameua dekoda. Baada ya hapo kichwa hakitatembea kwenye reli ya analogi. Kwa mwenye reli ya DCC pekee, sioni hasara.

Ila tazama kwanza kimetorokaje. Kikiendelea kwa mwendo uleule kiliokuwa nao, yaelekea amri hazikifikii: safisha reli na magurudumu, kisha angalia CV 11, inayopanga muda ambao dekoda itadumisha mwendo bila kupata amri. Taa zikiitikia lakini mwendo hautii, tazama CV 19. Huenda kichwa bado kimeandikwa kwenye kundi la vichwa vinavyovuta pamoja, na kinafuata anwani ya kundi. Andika 0. Vichwa viwili vipya vikiondoka kwa amri moja, vyote vina anwani 3 ya kiwandani.

Kichwa kinachoendelea kufyatuka upande uleule kila umeme unapowashwa, hata baada ya kurekebisha CV 29, kina tatizo zito zaidi. Ama dekoda imeungua, ama brashi ya mota (kipande kinachoipitishia mota umeme) inagusa fremu inayopitisha umeme wa reli. Toa dekoda, upime kwa mita kati ya kila brashi na magurudumu ya pande zote mbili. Mita ikionyesha kuna njia ya umeme, usifunge dekoda mpya bado, kwa kuwa nayo itaungua.