Kituo cha mazoezi cha kanda: mimi naanza na kocha

Ukitaja kituo cha mazoezi cha kanda watu wanawaza uwanja wa tartani (ule wa zulia la mpira), jimu yenye vyuma vipya, mabweni yenye vitanda vizuri. Sawa, vyote vinahitajika. Ila mimi nafundisha kurusha mkuki na mbio fupi, na nikiulizwa tuanze na nini nasema kocha, tena kocha anayeishi palepale na wanariadha wake.

Chukua Julius Yego. Hadithi ya kijana wa Nandi aliyejifunza mkuki kwa kuangalia video za mabingwa wa mkuki Jan Železný na Andreas Thorkildsen kwenye YouTube tunaipenda sana Wakenya, na ni ya kweli, lakini nusu ya pili ndo haisimuliwi. Mwaka 2011 alishinda dhahabu Maputo kwenye michezo ya Afrika, halafu kwa ufadhili wa IAAF (shirikisho la riadha la dunia, siku hizi World Athletics) akaenda kituo cha Kuortane, Finland, mikononi mwa kocha Petteri Piironen. 2015 kule Beijing akarusha mita 92.72, bingwa wa dunia! Na aliyekuwa wa pili siku hiyo ni Ihab Abdelrahman wa Misri, naye pia amepita kwa Piironen huyohuyo. Yaani dhahabu na fedha za mkuki zote Afrika, na nyuma yake kuna kocha mmoja. Video inakuonyesha mkono wa bingwa lakini mkono wako haiuoni, haikwambii kwamba mguu wa mbele unakunjika kabla hujaachia mkuki na nguvu yote ya kukimbia inapotelea kwenye goti, hilo anakwambia mtu aliyesimama pembeni, na anakwambia tena kesho na kesho kutwa mpaka mwili ukubali.

Amantle Montsho wa Botswana naye 2006 alihamia Dakar, kwenye kituo cha IAAF pale Senegal. Fikiria mkimbiaji wa mita 400 ambaye kwao hana wa kukimbizana naye, hapo anakuta kocha wa kila siku na wenzake kutoka nchi nyingine wanaomsukuma. Kwenye mashindano ya dunia ya Daegu 2011 alishinda kwa sekunde 49.56, Allyson Felix wa Marekani 49.59. Sekunde 0.03 jamani.

Sasa mtaniambia, mbona wa masafa marefu wanashinda bila vituo vya mashirikisho? Wanavyo, ni vile tu vinaitwa kambi. Kaptagat ya kocha Patrick Sang, ambako Eliud Kipchoge na wenzake wamekuwa wakilala karibu wiki nzima na kufanya usafi kwa zamu, ni kituo kamili kabisa, na Iten yote iko kwenye mwinuko wa kama mita 2,400 na imejaa makundi ya mazoezi. Tofauti ni pesa. Marathoni ina zawadi kwa hiyo mawakala wanaweka hela, lakini wakala gani atamlisha msichana anayerusha mkuki mita 50 kwa miaka minne akingoja afike 60? Hakuna. Ndiyo maana warushaji, warukaji na wakimbiaji wa mbio fupi ndio wanaohitaji zaidi vituo vya umma.

Na kocha wa kule mashinani je? Kozi za World Athletics zipo, na kituo cha kanda cha Nairobi kimeshafundisha makocha wengi tu, nazithamini sana. Lakini kozi ya siku chache inakupa cheti na daftari, halafu unarudi shuleni kwako hakuna mkuki wa maana. Ningekuwa na sauti, kila mwanariadha anayepewa nafasi kituoni angekuja na kocha wake wa nyumbani, hata kwa miezi mitatu, ashinde uwanjani na kocha mkuu, aone programu inavyobadilishwa mtoto akiamka na maumivu ya kiwiko, aone siku ambayo kocha anaamua leo hakuna kurusha. Gharama yake ni kitanda kimoja zaidi na sahani ya chakula, na mwanariadha akirudi likizo anakuta nyumbani mtu anayeendeleza kazi ileile.