Povu mdomoni siyo lazima sumu, na mambo mengine tunayodanganyana kuhusu vifo

Mtu akifa ghafla, hata mwili haujafika mochwari, tayari kila mtu ni daktari. Kaonekana na povu basi kalishwa sumu, mgongo una weusi basi kapigwa. Ngoja nianze na hizi mbili maana ndo zinagombanisha ndugu kuliko zote.

"Alitoka povu, hiyo ni sumu." Jamani, povu linatoka pale mapafu yanapojaa majimaji yakachanganyika na hewa, na mapafu yanajaa kwa sababu kibao: moyo kushindwa kazi, kuzama majini, kuzidisha dawa za jamii ya heroini, na ndiyo, baadhi ya sumu zikiwemo za kuulia wadudu. Kwa hiyo povu peke yake halijasema kitu. Afu mwili ukikaa siku kadhaa unavimba, unageuka kijani halafu mweusi, na majimaji mekundu yanasukumwa na gesi yanatokea puani na mdomoni, watu wakiona wanasema kapasuliwa ndani kwa ndani. Ni kuoza tu huko.

"Mgongo mzima ulikuwa na alama za kipigo." Inawezekana, ila moyo ukishasimama damu haizunguki tena, inashuka upande wa chini. Aliyelala chali mgongo unakuwa wa zambarau, kasoro pale mabegani na makalioni palipobanwa na sakafu, na kwenye ngozi nyeusi sana rangi hii ni ngumu kuiona kwa hiyo unahitaji jicho la mtu mzoefu. Mpasuaji akiwa na mashaka anakata ngozi aangalie ndani: kipigo kinaacha damu iliyovuja na kujipenyeza kwenye nyama, hii ya kushuka inabaki kwenye mishipa. Tena rangi hiyo ina msaada wake, baada ya kama saa 8 mpaka 12 haihami kirahisi, sasa ukimkuta mtu kalala chali lakini rangi iko kifuani na tumboni, ujue kuna aliyemgeuza baadaye.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho naona kinawachanganya hata waandishi wa habari. Watu wanadhani chanzo cha kifo na namna ya kifo ni kitu kimoja. Chanzo ni ugonjwa au jeraha lililoanzisha safari yote, mfano risasi ya kichwa. Namna ni mazingira yake: alijipiga mwenyewe, alipigwa, au bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya? Jeraha ni lile lile, majibu ni matatu. Kule Marekani wanatumia mafungu matano: kifo cha asili, ajali, kujiua, kuuawa na mtu, na haijajulikana. Na kuamua fungu lipi, meza ya kupasulia peke yake haitoshi, daktari anahitaji maelezo ya polisi, picha za eneo la tukio, faili la hospitali, wakati mwingine na simu ya marehemu. Ndo maana ukisikia mtu anasema "daktari aangalie mwili tu atatuambia aliyemuua" ujue hajui anachosema. Na "moyo ulisimama" siyo chanzo, kila anayekufa moyo unasimama, swali ni kwa nini umesimama.

Hapo hapo kuna wanaoamini kwamba daktari akiandika kauawa basi kuna mtu lazima afungwe. Angalia kisa cha James Brady, msemaji wa Rais Reagan wa Marekani. Alipigwa risasi ya kichwa Machi 1981 kwenye lile jaribio la kumuua Rais, akaishi na ulemavu hadi Agosti 2014, miaka 33, na alipokufa wataalamu wakasema ni kuuawa kwa sababu mnyororo unarudi hadi kwenye ile risasi. Lakini waendesha mashtaka hawakumfungulia mpigaji kesi ya mauaji. Daktari anasema mkono wa mtu umehusika, hatia ni kazi ya mahakama.

Saa kamili ya kifo? Zile za kwenye muvi, "kafa saa nne na robo usiku", sahau. Joto la mwili, kukakamaa kwa misuli, vyote vinategemea hali ya hewa, nguo, unene, hata kama marehemu alikuwa na homa. Anachokupa mtaalamu mkweli ni kati ya saa fulani na saa fulani, na kadiri siku zinavyopita ndo pengo linavyozidi kupanuka.

Kwenye moto nako, mwili ukikutwa umekunja ngumi na mikono imepinda kama bondia, watu wanasema alikuwa anapigana. Hapana, ni joto limekaza misuli, inatokea hata kwa aliyekufa kabla ya moto. Wanachotafuta wataalamu ni masizi ndani ya njia ya hewa na kaboni monoksaidi (gesi ya sumu inayotoka kwenye moshi) kwenye damu, maana aliyekwisha kufa havuti moshi. (Ila kukosa masizi nako siyo uthibitisho wa moja kwa moja, kuna moto unaoua haraka mno.)

"Alikuwa mzee, hamna haja ya kuchunguza." Hii ndo inanikera. Harold Shipman, daktari wa Uingereza, wagonjwa wake wengi aliowaua walikuwa wazee na vyeti vya kifo aliandika mwenyewe. Mmoja wao, Kathleen Grundy, miaka 81, kwenye chanzo cha kifo alimwandikia uzee. Wosia wa kughushi wa huyo mama ndo ulioleta mashaka, mwili ukafukuliwa mwaka 1998, ikakutwa morfini, dawa kali ya maumivu. Tume ya uchunguzi baadaye ikathibitisha watu 215.

Na hiyo morfini ilionekana kwa sababu ilipimwa. Hakuna kipimo kimoja kinachokamata sumu zote duniani, maabara lazima iambiwe itafute jamii ipi, ndo maana ule mkebe wa vidonge uliokutwa kitandani usiutupe. Majibu yanaweza kuchukua wiki au miezi, na bado mengine yanarudi yameandikwa "haijajulikana". Hilo nalo ni jibu, na ushahidi mpya ukija linabadilishwa.