Kurejeleza taka maana yake nini?

Ukinunua soda ya chupa ya kioo dukani kwa Mangi na ukataka kuondoka nayo, swali la kwanza ni chupa uliyokuja nayo iko wapi. Huna? Basi unaacha hela ya chupa, au unainywa papo hapo umesimama. Chupa ikirudi inaingia kwenye kreti, kreti inarudi kiwandani, chupa inaoshwa na kujazwa soda nyingine. Watu wengi wakiulizwa mfano wa kurejeleza taka hutaja chupa hiyo. Wamekaribia, ila siyo. Chupa ile imerejeshwa, haijarejelezwa.

Tofauti imo kwenye kitenzi chenyewe. Kurejea ni kurudi. Kurejesha ni kukifanya kitu kirudi kilikotoka, kikiwa kizima vilevile. Kurejeleza, kwa maana inayotumika siku hizi kwenye mambo ya mazingira, ni kukirudisha kitu nyuma zaidi ya hapo, mpaka kiwe malighafi, halafu kitengenezwe kitu kipya. Sufuria iliyotoboka ukimuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu, haiendi kuzibwa tundu. Inavunjwavunjwa, inayeyushwa pamoja na mabaki mengine ya alumini, inasubiwa, na inatoka sufuria nyingine au kitu kingine kabisa. Sufuria imekufa, alumini yake inaishi. Hiyo ndiyo kurejeleza.

Katambuga za tairi je? Hizo si kurejeleza pia, japo zinasifiwa hivyo kwenye maonesho. Tairi limekatwa tu, mpira wake haujabadilika. Ni kutumia tena, kama ambavyo fundi wa mtaani Gerezani, hapa Dar es Salaam, anakata bati la pipa akapata jiko la mkaa, au bibi anavyoligeuza kopo la maziwa ya unga kuwa kipimo cha mchele. Sisemi hivi kwa kubagua maneno. Kutumia tena kuna heshima yake, na mara nyingi kunaishinda kurejeleza kwa faida, maana hakuhitaji tanuri, umeme wala lori. Juu ya vyote viwili kuna kupunguza, yaani kutokuwa na ile taka tangu mwanzo. Kwa hiyo anayejisifu kwamba anarejeleza makopo 40 ya maji (zile chupa za plastiki) kila wiki, na yule anayechemsha maji akayaweka kwenye mtungi, wa pili hana cha kuonesha, lakini ndiye aliyefanya kazi kubwa. (Mkaa wa kuchemshia nao una hesabu yake, najua. Kwa gesi mambo yanakaa vizuri zaidi.)

Kuna jambo moja ambalo vipeperushi vingi hupita kando yake: kitu hakirejelezwi kwa sababu kinaweza kurejelezwa, kinarejelezwa kwa sababu kuna mtu anakinunua. Hapa Dar es Salaam mfumo wa kurejeleza si mapipa ya rangi tatu. Ni kijana mwenye kiroba begani, ni mwenye guta anayepita akiita "chuma chakavu, betri mbovu, redio mbovu", ni kibanda chenye mizani ya kuning'iniza na marundo ya makopo yaliyofungwa kwenye neti. Kutoka hapo mzigo unakwenda kwa mnunuzi mkubwa zaidi, mpaka kiwandani. Kila mmoja kwenye mnyororo huo anaangalia kilo na usafi. Kazi ya familia ni moja tu, kuhakikisha kitu kinatoka nyumbani kikiwa bado na bei.

Nilijifunza hili kwa aibu. Nilikuwa nimejaza kiroba kizima cha makopo, nikajiona mwananchi bora, nikamwita kijana anayepita mtaani kwetu kila Jumanne. Akafungua, akarudisha kichwa nyuma.

"Shikamoo mama. Haya siyachukui, yameoza."

"Marahaba. Kwani kopo linaoza, mwanangu?"

"Kopo haliozi mama. Dagaa ndio wameoza."

Ni kweli. Maganda ya viazi, maji ya dagaa na yale makopo vilikaa pamoja siku nne kwenye joto la Machi. Plastiki ilikuwa ileile, lakini ilishageuka takataka. Kuiosha upya kungekula maji na muda wake kuliko hela ambayo angepata. Kopo la maji la lita moja na nusu lina uzito wa gramu 30 hivi, kwa hiyo kufikisha kilo moja tu anahitaji makopo zaidi ya 30. Nani atasugua 30 yenye mafuta ya samaki kwa kilo moja?

Ndiyo maana neno la msingi hapa si kurejeleza, ni kuchambua. Tunalijua neno hili tangu utotoni: tunachambua mboga, tunachambua mchele kwenye ungo kabla haujaingia sufuriani. Hakuna anayeupika wote halafu akaanza kutafuta mawe kwenye sahani. Taka nazo huchambuliwa kabla hazijachanganyika. Zikishaingia ndoo moja, kazi imeshindikana kwa asilimia kubwa, hata kama mbele ya safari kuna kiwanda cha kisasa namna gani.

Si lazima uwe na vyombo vingi. Nyumbani kwangu kuna ndoo ya maganda na mabaki ya jikoni, kuna kiroba kilichotundikwa msumarini nyuma ya mlango kwa ajili ya vikavu (makopo, mabati, maboksi), na kuna ndoo ndogo yenye mfuniko kwa yale yasiyo na mnunuzi. Kopo la maji linamwagwa tone la mwisho na kukanyagwa. La juisi au mafuta linasuuzwa kwa maji yaliyooshea vyombo, si maji safi. Maboksi yanakunjwa na kukaa pakavu, kwani boksi lililoloa halina thamani.

Plastiki inahitaji maelezo kidogo, maana neno "plastiki" linaficha koo nyingi. Geuza chombo utazame kitako chake. Kuna kipembetatu cha mishale na nambari ndani. Namba 1 ndiyo chupa za maji na soda. Namba 2 ni madumu, na chupa nyingi za shampuu na sabuni ya maji. Namba 5 ni ndoo, beseni na vyombo vingi vya chakula. Koo hizi haziyeyushwi pamoja, kwa kuwa kila moja ina joto lake, na zikichanganyika zinatoa kitu dhaifu kinachomeguka. Kile kipembetatu chenyewe kinawadanganya wengi: hakisemi "hiki kitarejelezwa", kinasema tu chombo kimetengenezwa kwa plastiki gani.

Watoto wakiwa nyumbani, jaribu hili. Kata kipande cha ubavu wa kopo la maji na kipande cha kifuniko chake. Vitie kwenye beseni la maji, uvizamishe vyote kwa kidole kisha uachie. Cha kopo kinakaa chini. Cha kifuniko kinapanda juu. Kopo na kifuniko chake ni plastiki mbili tofauti, moja nzito kuliko maji na nyingine nyepesi, na viwanda vinatumia ujanja huohuo kuzitenganisha. Kopo linasagwa kuwa chenga, chenga zinaoshwa kwenye maji, vifuniko vinaelea na kuopolewa. Kinachobaki chini kinakaushwa, kinayeyushwa, na sehemu kubwa duniani huishia kuwa nyuzi za vitambaa, mazulia na pamba za kujazia mito.

Plastiki hata hivyo huchoka. Kila ikiyeyushwa inapungua ubora, tofauti na kioo na metali, ambazo zinaweza kuyeyushwa mara nyingi zikabaki zilezile. Alumini ndiyo bingwa wao. Kuyeyusha alumini chakavu kunatumia kama asilimia 5 tu ya nishati inayotumika kuitoa upya kwenye madini ya boksiti. Hapo utaelewa kwa nini kopo la soda la alumini halikai barabarani hata saa moja, ilhali kifuko cha krispi kinakaa mpaka mvua ikichukue.

Tuje kwenye ile ndoo ya jikoni, ambayo ndiyo nzito kuliko zote. Taka nyingi za nyumba ya Dar es Salaam ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi na viazi, majani ya mnavu yaliyochambuliwa, maganda ya maembe msimu ukifika. Kuviozesha kwa makusudi mpaka viwe mboji nako ni kurejeleza, tena kusikohitaji mnunuzi wala kiwanda. Chukua ndoo mbovu, itoboe matundu chini na ubavuni. Weka tabaka la majani makavu, tabaka la maganda, majani makavu tena, na yale makavu yawe mengi kuliko mabichi. Geuza kwa kijiti kila baada ya siku chache. Ikinuka, imelowa mno, ongeza makavu. Ikikaa bila kubadilika, imekauka mno, nyunyiza maji. Nyama, samaki na mafuta usiweke, vinaita panya. Kwa joto letu hili, miezi miwili au mitatu unapata udongo mweusi usio na harufu mbaya, na kiroba cha mchicha au matembele kinapendeza mlangoni hata kwa mpangaji asiye na uwanja. Ubwabwa uliobaki wape kuku wa jirani.

Kwenye kupunguza, watu wa uswahilini wana elimu wasiyoijua kwamba ni elimu. Mafuta ya kupima ndiyo mfano wangu ninaoupenda. Unakwenda dukani na chupa yako, unapimiwa ya mia tano au ya elfu, unarudi. Hakuna kifungashio kipya hata kimoja. Huko Ulaya kuna maduka yanayojitangaza kwa kufanya hivyohivyo, tena bei yake si ya kitoto. Kikapu cha ukili nacho kilikuwa kawaida ya kila mwenda sokoni kabla ya rambo kuja kutuharibu. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, kina mama wengi walivitafuta vikapu vyao uvunguni. Tatizo ni kwamba ile mifuko mbadala nayo imekuwa ya kutupwa: mtu anainunua kila anapokwenda genge, jioni ana minne. Mfuko mbadala una maana ukitumika mara nyingi. Ukitumika mara moja ni rambo lenye mishikio.

Kuna jambo nisiloweza kumlaumu mtu. Anayenunua sabuni ya paketi ndogo, majani ya chai ya paketi ndogo na dawa ya meno ya paketi ndogo anazalisha vifuko vingi kuliko anayenunua kwa jumla, na vifuko hivyo havina mnunuzi kwa sababu vimeunganishwa tabaka za plastiki na alumini zisizobanduka. Lakini ananunua hivyo kwa kuwa hela yake inaingia hivyo. Ukiweza kuchanga na majirani mkachukua dumu moja la sabuni ya maji mkagawana, vizuri. Ukishindwa, usijione mkosaji, mwenye kiwanda ndiye aliyechagua kifuko.

Kuchoma taka uani si njia ya kurejeleza wala ya usafi, hata kama ndivyo tulivyolelewa. Majani makavu yanafaa kwenye mboji. Plastiki ikiungua kwa moto mdogo wa uani inatoa moshi wenye sumu, na ile ya mabomba na nyaya za umeme ni mbaya zaidi kwa sababu ina klorini. Moshi unaingia dirishani kwa jirani mwenye kichanga, na majivu yanabaki pale watoto wanapochezea. Betri za redio na simu zikae kwenye kopo lao kavu, mbali na ndoo ya jikoni, na mwenye guta ukimuuliza huenda akazichukua.

Kinachobaki baada ya hayo yote ni kidogo: pampasi, vifuko, nguo zilizochakaa mpaka hazifai hata kudekia. Hivyo ndivyo vya gari la taka, na gari hilo linakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Kabla ya hapo dampo la jiji limewahi kuwa Tabata, Vingunguti na Mtoni, kila mara likihama watu wakishajaa pembeni yake. Wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kwa ajili ya moshi na harufu, na walishinda. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa huu, na kila nyumba ina ndoo yake.

Yule kijana bado anapita Jumanne. Siku hizi hafungui kiroba, anakinyanyua tu kwa mkono mmoja, anakisikilizia uzito, anakitupa kwenye guta na kunirudishia kile cha juzi kikiwa kitupu.